Mshahara wa Siku za Mbalamwezi

Katonga, Kigoma
9 Machi 1997

Mdogo wangu Feliksi,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ndani ya bahasha ya serikali, na Leonia wangu ameing'ang'ania hiyo bahasha akaigeuza jalada la daftari la hesabu. Kwa hiyo ujue kazi yako ya Dar es Salaam imeshaanza kutusaidia.

Unaniuliza maisha yanagharimu kiasi gani huku. Umenichekesha. Wewe uliyesomeshwa kwa dagaa nilioanika mimi, leo umekuwa mgeni wa bei za Katonga? Lakini umesema bodi ya mishahara unayoipigia chapa barua zake inataka kusikia kutoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Basi sikia, na uwaeleze wakubwa wako vizuri, maana huenda wao dagaa wanawaona kwenye sahani tu.

Asubuhi mitumbwi ya Bwana Dismasi ikifika mwaloni, sisi wanawake kumi na mmoja tunawapokea dagaa, tunawaosha, tunawamwaga juu ya vichanja, tunawageuza mpaka wakauke. Mvua ikitishia tunawaanua mbio. Jioni tunapewa ujira wa siku na bakuli moja la dagaa, ndiyo kitoweo chetu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne. Lakini mbalamwezi ikishamiri, dagaa hawaifuati tena taa ya karabai, mitumbwi inapumzika, na sisi tunapumzishwa bila senti. Siku kumi, pengine kumi na mbili, kila mwezi. Tumbo la Leonia halijui mbalamwezi.

Bei sikuandikii zote, kwa sababu hadi barua ifike zitakuwa za zamani. Sado ya unga wa muhogo mwaka jana ilitoka kwenye ujira wa siku moja na ikabaki chenji ya chumvi. Leo ni ujira wa siku mbili. Mawese tunapima kwa kifuniko cha soda. Sabuni ya mche tunakata nusu kwa nusu na mwenzangu Spesiosa, binti wa kwetu Kalinzi, ambaye tunaanika kichanja kimoja na sasa tunagawana kodi ya chumba. Ana katoto ka kike, Carmen, miaka minne, kamekupa jina la Mjomba Bahasha.

Wakiniuliza nataka nini, waambie nataka nilipwe kwa mwezi, mbalamwezi ikiwemo. Sitaki utajiri. Nataka tarehe moja nijue Leonia atakula nini tarehe ishirini.

Dada yako,
Honorata


Dar es Salaam
4 Aprili 1997

Dada yangu Honorata,

Shikamoo, na hii ni ya furaha. Barua yako niliipiga chapa, nikaondoa jina lako na maneno mawili ambayo mama angekuchapa kwa kuyaandika, nikaiweka kwenye jalada la kikao. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Mjumbe mmoja akauliza mbalamwezi inaingiaje kwenye mishahara, na mimi, karani, nikaruhusiwa kusimama nikaeleza.

Sasa sikiliza. Rasimu ina kifungu kipya. Kinasema mfanyakazi wa kutwa aliyefanya kazi mahali pamoja miezi mitatu mfululizo alipwe kima cha chini kwa mwezi, hata zile siku ambazo mwajiri hana kazi ya kumpa. Na kima chenyewe kitapandishwa bei za vyakula zikipanda, siyo kusubiri miaka. Nimekipiga chapa kwa vidole vyangu na nilipofika kwenye nukta nikakaa nikaitazama.

Usiwaambie watu bado. Au waambie hao kumi. Najua utawaambia.

Nimemwandikia mama kumuuliza huyo Spesiosa ni wa ukoo gani pale Kalinzi, maana simkumbuki. Hajajibu.

Mdogo wako,
Feliksi


Katonga
20 Julai 1997

Feliksi,

Niliwaambia siku ileile. Marcelina alicheka mpaka akaketi mchangani, akasema siku serikali itakapomlipa mtu kwa sababu mwezi umewaka, yeye atarudi shule. Lakini jioni alinifuata nyumbani, akaniuliza polepole hicho kifungu ni cha ngapi. Tangu hapo kila mmoja anajua namba yake kama namba ya chumba. Spesiosa peke yake hakuuliza kitu.

Miezi mitatu imepita na hatujaona karatasi. Ngojangoja huumiza matumbo, na ya kwetu yalishaanza kuuma kabla ya kungoja. Mvua za mwaka huu zilikuwa chache, unga umepanda tena, ndizi za Kalinzi zinashuka mjini zikiwa changa kwa sababu wakulima hawawezi kusubiri. Bwana Dismasi amesikia habari za mshahara. Alipita kwenye vichanja akisema, "Akina mama, mnataka kunizamisha?" Alisema kwa kucheka, ila kitoweo cha siku ile kilikuwa nusu bakuli.

Usimsumbue mama kuhusu Spesiosa. Mama amezeeka, hawakumbuki watoto wote wa kijiji.

Dada yako,
Honorata


Dar es Salaam
12 Septemba 1997

Dada Honorata,

Shikamoo. Amri imetiwa saini. Nimeiona kwa macho yangu, wino haujakauka.

Nami nimefanya jambo moja kwa ajili yako. Nimemwandikia afisa kazi wa huko, kwa ruhusa ya mkubwa wangu, nikamwomba ukaguzi wa wavuvi wa ziwani uanzie kwa Bwana Dismasi. Atakuja mwezi wa kumi. Ataandika jina la kila mfanyakazi, kijiji chake, jina la mwenyekiti wa kijiji, na miaka aliyofanya kazi. Jina litakaloandikwa siku hiyo lina haki. Lisiloandikwa halina, na Bwana Dismasi hawezi kulazimishwa kulilipa.

Wewe ndiye mkubwa wao, bila shaka watakuachia useme. Sema ukweli tu, dada. Ukweli mtupu unatosha. Mara hii sheria ipo upande wetu.

Nimenunua shati jipya. Nitalivaa siku taarifa yenu itakapofika mezani kwangu.

Mdogo wako,
Feliksi


Katonga
26 Oktoba 1997

Feliksi,

Afisa alikuja tarehe kumi na tano, akaandika alichoandika, akaondoka. Mvua zimeanza na zimeanza kwa fujo, dagaa wanaoza kabla ya kukauka. Leonia alikuwa na homa, amepona. Wakimbizi wote wametangaziwa kwa kipaza sauti warudi kambini, askari wanapita nyumba kwa nyumba huku mwaloni na Ujiji pia. Kwa hiyo watu hawatulii.

Hakuna jingine. Usitume pesa, kaa nazo.

Honorata


Dar es Salaam
14 Novemba 1997

Dada,

Shikamoo.

Taarifa imefika. Nilikuwa nimevaa lile shati. Ni mimi niliyepewa niipige chapa, na nimeipiga, kwa sababu ndiyo kazi yangu. "Kwa Bwana Dismasi, Katonga: hakuna waajiriwa. Ni wanawake wa jirani wanaosaidiana, wakapewa kitoweo." Chini yake dole gumba tisa, alama ya msalaba moja, na sahihi moja. Sahihi hiyo naijua. Ndiyo uliyokuwa ukitia kwenye fomu zangu za shule mahali pa mzazi.

Alikupa nini? Niambie tu kiasi, nijue. Miaka kumi na minne unalala njaa siku za mbalamwezi, unaniandikia barua inayosomwa kikaoni mpaka mwisho, halafu siku sheria inakuja mlangoni kwako unaiambia kwamba hujaajiriwa. Mjumbe mmoja amesema hadharani kwamba hao wanawake wa ziwani karani aliwabuni. Karani ni mimi.

Tena si wewe peke yako. Umewauza na wenzako kumi.

Sijui nikuandikie nini zaidi.

Feliksi


Katonga
1 Desemba 1997

Mdogo wangu Feliksi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nililia, ya tatu nikaona una haki ya kuuliza. Sasa nakujibu, na nakuomba ukimaliza kusoma uichome. Hii ni ya macho yako tu.

Spesiosa si wa Kalinzi. Ni Mrundi. Alitoka kambini upande wa Kasulu miaka miwili iliyopita, posho ilipopunguzwa, Carmen akiwa mgongoni. Mume wake, Niyibizi, walipoteana njiani wakati wa kukimbia na hajasikika tena. Alitokea mwaloni siku moja tukiwa tumeshikwa na mvua, akaweka furushi lake chini akaanza kuanua dagaa pamoja nasi, hakuna aliyemwita. Vichanja vyote vikaisha kabla hatujalowa. Hakuomba kitu. Jioni nilimpa nusu ya kitoweo changu. Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja, unajua kwamba mtu aliyekuanulia humfukuzi.

Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, kwa hiyo haikuwa kazi kumfanya mtu wa Kalinzi. Bwana Dismasi hakuuliza, kwa sababu wasiouliza hulipa kidogo.

Siku ya afisa, gari la askari wa ile operesheni lilikuwa limeegeshwa palepale mwaloni, hatua ishirini kutoka kwetu. Tukapangwa mstari. Afisa ni kijana mpole, akafungua daftari akaniambia, "Mama, wewe ndiye mkubwa. Nitajie mmoja mmoja, jina, kijiji na mwenyekiti wake. Nitapeleka orodha kwa wenyeviti ihakikiwe." Nikatazama mstari. Spesiosa alikuwa wa nne, ameshika beseni tupu. Nikafikiri nimruke yeye peke yake. Lakini askari walikuwa wanatazama, na mtu mmoja aliyerukwa kwenye mstari ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ndipo nikasema, "Mwanangu, hapa hakuna mfanyakazi. Ni akina mama tunasaidiana tu, mwenye dagaa anatupa kitoweo."

Marcelina akasema, "Honorata, una wazimu?" Nikamwambia anyamaze, nikiwa mkubwa wake. Bwana Dismasi alinitazama kama mtu aliyeokota noti njiani. Afisa akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akaandika, tukatia dole na sahihi, gari la askari likaondoka kwenda Ujiji.

Wenzangu sikuwaambia sababu. Siri ya watu kumi na mmoja ni tangazo. Wanadhani kama unavyodhani wewe, kwamba nimenunuliwa. Marcelina haniamkii tena, na kwenye kichanja anageuza dagaa wa upande wake tu. Sikununuliwa, Feliksi. Ningenunuliwa ungekuta hata kilo ya sukari humu ndani.

Naujua ukubwa wa nilichofanya. Nimewanyang'anya watu kumi kitu walichokuwa wanakijua kwa namba. Ukiniuliza kama ningerudia, sijui. Usiku ule Spesiosa alinipikia, akanipa sahani kwa mikono miwili kama ninavyompa mama.

Acha hivyohivyo. Mshahara wacha upotee, niliishi bila huo. Usimwambie mtu.

Dada yako,
Honorata


Dar es Salaam
15 Desemba 1997

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na unisamehe. Nimejiona mjinga na mwenye roho mbaya. Nilisahau wewe ni mtu wa namna gani.

Barua sikuichoma. Ningeichomaje, dada, wakati ndani yake ndimo ilimo dawa ya yote? Maelezo yaliyotolewa kwa hofu si maelezo. Hilo lipo katika sheria, nimelisoma. Nimemwandikia afisa kazi siku ileile, nikaipitisha kwenye mfuko wa serikali unaokwenda kwa ndege, maana treni imekwama na mafuriko. Nimemweleza kila kitu kwa heshima. Kwamba ninyi ni waajiriwa halali kumi, kwamba ulisema vile kwa huruma, na kwamba yupo mkimbizi mmoja, Spesiosa, mama wa mtoto mdogo, mtu mwema na mchapakazi. Nimeomba kumi waandikwe upya, na yeye afikiriwe kibali cha kufanya kazi. Kibali hicho kipo. Mkubwa wangu mmoja amenionyesha ukurasa.

Najua uliniomba ninyamaze. Lakini kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa. Sheria inamdhuru mtu pale inapofichwa nusu ya habari. Ikielezwa yote, itamdhuru vipi mtu asiye na kosa?

Mwambie Spesiosa asiogope watakapokuja. Mwambie Mjomba Bahasha amelishughulikia.

Krismasi njema.

Mdogo wako,
Feliksi


Katonga
18 Januari 1998

Feliksi,

Barua yako ya tarehe kumi na tano Desemba imenifikia jana kwa lori la chumvi. Ile nyingine, ya kwenye ndege, ilitangulia.

Walikuja tarehe ishirini na tisa ya mwezi huohuo, watu wawili wa ofisi na askari watatu. Mvua ilikuwa imetulia kidogo na tulikuwa tunageuza. Walimwita kwa jina. Hawakutuuliza nani ni nani wala hawakutupanga mstari, walisoma jina lake kwenye karatasi, na mimi nilikuwa karibu nikaiona. Mashine yako herufi ya t inaruka juu. Nimesoma barua zako mwaka mzima, naijua.

Spesiosa hakukimbia. Alifuta mikono kwenye kanga, akanitazama mara moja, akaenda nao. Walimuuliza kama ana mtu nyumbani. Akasema hana.

Carmen alikuwa chumbani kwangu na Leonia. Niliposikia Spesiosa anasema hana mtu, nilidhani ni hofu imemchanganya. Nilikimbia nyumbani. Nikamvalisha Carmen gauni lake, nikamfungia ugali na dagaa kwenye kitambaa, nikambeba mgongoni mpaka kituo cha polisi nikiogopa lori la kuwarudisha kambini litaondoka kabla sijafika. Nilikuwa naomba Mungu njia nzima nisichelewe. Nilifika. Lori lilikuwa bado halijawashwa, na Spesiosa amekaa nyuma pembeni na wengine.

Alipomwona Carmen mgongoni mwangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. "Kubera iki, Honorata? Kubera iki?" Ndivyo wanavyouliza kwa nini. Kisha kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri, akasema, "Nilikuwa nimekuachia."

Hapo askari alikuwa ameshamwandika mtoto.

Nilimwambia ni makosa, ni mtoto wangu, mimi ndiye mama yake. Carmen alikuwa amenyoosha mikono kuelekea kwenye lori anaita mama. Hakuna aliyenisikiliza. Wakampandisha.

Kwa hiyo sikulaumu peke yako. Wewe ulimpeleka mama, mimi nilimpeleka mtoto, na wote wawili tuliharakisha. Tofauti ni kwamba wewe hukuona.

Kibali hakuna aliyekitaja. Niliuliza. Yule afisa mpole aliinamisha macho akasema ataangalia.

Honorata


Dar es Salaam
2 Februari 1998

Dada yangu Honorata,

Shikamoo sana. Treni bado haijapita na sijapata barua yako tangu ile ya Desemba, ila habari njema zimekutangulia. Taarifa mpya ya Katonga imeletwa na mtu aliyekuja kwa ndege. Nimeipiga chapa jana. Jina lako ndilo la kwanza. "Honorata, mjane, miaka kumi na minne kazini, kima cha chini kwa mwezi, mkataba umesainiwa." Nimetoka nje ya ofisi nikasimama uani, watu wakaniuliza kama nimefiwa.

Yule mjumbe aliyesema nimewabuni amekuja kunipa mkono. Wanataka kuutumia mfano wenu kwenye semina ya mwezi wa nne, na mimi huenda nikapandishwa cheo, lakini hilo ni dogo.

Unaona sasa? Ulikuwa na hofu bure. Naona majina ni manne tu, bila shaka mengine yanafuata kwenye orodha nyingine.

Spesiosa amepata kibali chake? Msalimie. Nimemnunulia Carmen viatu vyekundu, nimekadiria ukubwa kwa mtoto wa jirani. Vikiwa vikubwa atavikulia.

Mdogo wako mwenye furaha,
Feliksi


Katonga
15 Machi 1998

Feliksi,

Yako ya Februari imefika na viatu vimefika. Naona yangu ya Januari ilikuwa haijakufikia ulipoandika hayo. Nadhani sasa umeshaisoma, kwa hiyo sirudii.

Majina mengine hayafuati. Bwana Dismasi alipoambiwa lazima alipe kwa mwezi, alisema uwezo wake ni watu wanne, na afisa akasema sheria haimlazimishi mtu kuajiri kumi. Saba hawapo tena, ukimhesabu Spesiosa. Marcelina anaanika kwa mtu mwingine mbali na hapa, ambako afisa hajafika, kwa nusu ya ujira tuliokuwa tunapata zamani. Nilimtuma Leonia ampelekee unga. Akaurudisha.

Kitoweo kimefutwa. Bwana Dismasi amesoma amri yote na hakukiona humo. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kwa bei za sasa, baada ya mafuriko, mshahara wa mwezi unanunua chakula kilekile nilichokuwa nakula zamani ukiondoa dagaa. Ila naupata siku za mbalamwezi pia, hilo ni kweli, ulisema na limekuwa.

Niliweka dagaa kwenye mfuko nikampa dereva anayepeleka mahindi kambini, ampe Spesiosa. Dereva aliurudisha baada ya wiki mbili, haujafunguliwa. Amesema alitaja jina kwenye vipaza sauti mara tatu. Aliambiwa wengine wamehamishiwa kambi nyingine na wengine wamevuka kurudi kwao, orodha ililowa. Viatu nimeviweka. Leonia anataka tuvitoe kwa mtu, nimemkataza.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana utaihitaji kwa semina yako. Sianiki tena. Bwana Dismasi amenipa meza langoni na daftari. Anasema mimi ndiye ninayejua sheria, na tena nimetajwa kwenye taarifa, hawezi kuniondoa. Kila mwanamke anayekuja kuomba kibarua anapitia kwangu. Nikimwingiza asiye na karatasi, ninayejibu ni mimi, nimetia sahihi. Sikukubali siku ya kwanza. Siku ya pili sado ya unga ilipanda tena, nikakubali.

Wakimbizi bado wanakuja wengi, operesheni haikuwamaliza. Namuuliza mtu kijiji, namuuliza mwenyekiti wake, namuuliza msimu uliopita alichuma kahawa kwenye shamba la nani na njia ya kwenda huko inapita wapi. Maswali hayo ni mazuri kwa sababu majibu yake niliwahi kumfundisha mtu jikoni kwangu, mwezi mzima, mpaka akawa anayajibu akiwa anachambua mboga.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mjukuu mgongoni. Alijibu yote. Hakusita hata mahali pamoja. Mtu wa Kalinzi kweli husita, husema ngoja kwanza, hubishana na wewe kuhusu njia. Huyu alijibu kama aliyekariri, na nikajua kwamba kuna mwanamke mahali fulani, Gungu au Ujiji, aliyekaa naye jikoni.

Nikamwambia nafasi zimejaa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi au zaidi. Akainama, akasema, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia, akaondoka.

Mshahara wa Februari niliupokea tarehe tano, kamili. Usiniandikie kunipongeza.

Honorata